Hekalu la Gori halikusahauliwa, lilitelekezwa

Mhariri,

Nimelisoma gazeti hili zaidi ya miaka thelathini bila kuwaandikia hata mstari mmoja. Mliponiudhi nililikunja, nikanywa chai, yakaisha. Lakini makala yenu ya juzi kuhusu mahekalu ya kale ya Nagarparkar, huko Sindh nchini Pakistan, imeninyima usingizi siku mbili. Kichwa cha habari kilisema hekalu la Gori “limesahauliwa”. Chini ya picha mkaandika “gofu la Kihindu”. Maneno machache tu, na yote hayafai.

Nianze na hilo la kusahauliwa. Gori iko kijijini, kando ya njia itokayo Islamkot kwenda Nagarparkar, katikati ya mchanga wa Thar. Hekalu lilijengwa karne ya 14 kwa heshima ya Parshvanath, Tirthankara wa 23 kati ya Tirthankara 24, yaani walimu wakuu wa dini yetu ya Kijaini, dini ya kale iliyotoka India. Vihekalu vidogo 52 vimelizunguka. Mlangoni, ukiinua macho kwenye dari ya kuba, kuna michoro ya rangi ya watu wakiandamana, na wajuzi huihesabu miongoni mwa michoro ya kale kabisa ya Kijaini katika eneo lile. Mumbai, mtaa wa Pydhonie, kuna hekalu mashuhuri liitwalo Godiji, na jina hilo limetoka Gori hiyo hiyo. Hekalu letu la marumaru hapa Mombasa, lililofunguliwa 1963, nalo ni la Parshvanath. Sasa kitu ambacho watu hukitaja katika sala kila kukicha kimesahauliwaje? Kimetelekezwa, Mhariri. Kusahau humpata mtu bila kukusudia, lakini kutelekeza ni kazi ya mtu aliyegeuka akaenda zake.

Najua kwa nini wenyewe waliondoka. Wajaini wa Parkar walikuwa watu wa biashara. Nchi ilipogawanywa kuwa India na Pakistan mwaka 1947 wengi walihama, na waliobaki wakaondoka baada ya vita vya nchi hizo mbili vya 1971. Siwalaumu, kwani mwenye watoto na mpaka wenye bunduki mlangoni hana la kuchagua. Lakini sisi Oshwal, jumuiya ya Wajaini wa Afrika Mashariki, ambao wazee wetu husimulia kwamba mababu walipita Sindh kabla ya kufika Kutch na Halar huko Gujarat, India, na kutoka Halar ndiko tulikopanda jahazi kuja huku, sisi tumezuiwa na bunduki ya nani?

Mimi nilikwenda, mwezi wa pili mwaka 2019, baada ya kuhangaikia kibali kwa wiki kadhaa. Nilimkuta mzee mmoja anayelinda hekalu, si Mjaini, akifagia mavi ya popo kwa ufagio aliojifungia mwenyewe. Tulielewana kwa Kigujarati changu na Kiparkari chake, lugha za ukoo mmoja. Akaniita bhai, yaani ndugu, akanionyesha kila chumba, na kila chumba kitupu alikiinamia kidogo kabla hatujaingia.

Tukiwa chini ya ile kuba yenye michoro likaja gari la vijana wa matembezi. Mmoja akapanda juu ya ukingo wa jiwe, akatoa ufunguo mfukoni, akaanza kuchora jina lake na la mpenzi wake juu ya ukuta wenye rangi. Mzee akamsihi ashuke. Wenzake wakacheka, wakampiga picha. Nami nilipopaza sauti akanitazama kama mtu aliyeulizwa njia na mlevi, akamaliza herufi yake ya mwisho, wakaondoka. Ndipo yule mzee akapiga magoti, akaokota vipande vya lipu vilivyoanguka, kimoja kimoja, akavipuliza vumbi, akavitia katika kopo kuukuu la maziwa ya unga. Kopo lilikuwa limejaa nusu. Nikamuuliza anavipeleka wapi. Akasema anaviweka, maana siku moja wenyewe watakuja, nao watajua namna ya kuvirudisha. Wenyewe, Mhariri! Nikashindwa kumwambia kwamba mwenyewe ndiye mimi, na kwamba sijui. Niliporudi Mombasa nikalieleza jambo hili katika mkutano wa chama kimoja cha jumuiya, nikiwa na picha za kopo lile. Mmoja akasema kule ni Pakistan, tusijitie katika siasa. Mwingine akasema sanamu hazimo tena, kwa hiyo lile si hekalu bali mawe. Kisha tukaendelea na ajenda iliyofuata, nayo ilikuwa mchango wa marumaru mpya kwa hekalu jipya, na kwa robo saa zikaahidiwa fedha ambazo zingemlipa yule mzee mpaka siku zake za mwisho, na mwanawe baada yake. Nilikaa kimya. Nimekaa kimya tangu siku ile, na ndiyo sababu makala yenu imenichoma namna hii. Aliyesema jiwe lisilo na sanamu ni jiwe tu alikuwa na pete ya babu yake kidoleni, na babu hakuwa ndani ya pete ile.

Sasa lile la “gofu la Kihindu”. Hapa Pwani nimeitwa Baniani tangu shule ya msingi. Methali ya Baniani mbaya kiatu chake dawa nimetupiwa sokoni, kwenye basi, hata na mwalimu. Baniani asili yake ni vaniya, yaani mfanyabiashara, na haikuwa jina la dini yoyote. Lakini gazeti si kijiwe. Mjaini si Mhindu. Sisi hatuabudu Mungu muumba. Tirthankara walikuwa binadamu waliojishinda nafsi zao wakaonyesha njia. Hatuui, hata mdudu. Marehemu mama yangu hakuwahi kupika kitunguu wala kiazi, kwa kuwa ukiking'oa kitu cha ardhini unaangamiza uhai mwingi pamoja nacho. Majirani zetu Waislamu walilijua hilo, wakatupikia sahani ya kando kila walipotualika harusini. Kama jirani aliweza kujua, mwandishi wenu alishindwa nini kuuliza? Mkiliita hekalu la Kijaini la Kihindu, mnawapunguza wale wachache ambao wangejiona linawahusu.

Makala yenu pia haikugusa milima ya Karoonjhar iliyo jirani, ambayo mawe yake ya matale yamekuwa yakiwindwa na wachimbaji. Wenyeji, Wahindu na Waislamu, ndio waliopiga kelele, na mwaka 2023 Mahakama Kuu ya Sindh ikakataza uchimbaji huo. Eneo zima la Nagarparkar liliingizwa mwaka 2016 katika orodha ya awali ya urithi wa dunia ya UNESCO. Basi wako watu waliosimama. Si sisi.

Ninachopendekeza si kikubwa. Kwanza, neti milangoni dhidi ya popo, zifungwe juu na kuachwa zikining'inia chini, ili popo atoke jioni ashindwe kurudi. Zisiwekwe msimu ambao popo wana watoto wachanga, kwa maana hatuwezi kulisafisha hekalu la Parshvanath kwa kuua. Pili, daftari kubwa na kalamu mezani kwenye ngazi, kila mgeni aandike jina lake humo, na kamba izuie watu kufika kwenye ukuta wenye michoro. Tatu, kila kipande cha michoro kipigwe picha sasa, kabla ya ufunguo mwingine. Nne, mtaalamu wa kuhifadhi michoro ya ukutani apelekwe akalione lile kopo kabla halijala kutu. Haya yote yafanywe kwa ruhusa ya idara husika ya Sindh, kwa adabu, bila kwenda kule kama wenye mali.

Mshahara wa mlinzi wa miezi 12 nimekwisha kuutenga. Anayetaka kubeba mwaka wa pili atanikuta hekaluni kwetu Jumapili asubuhi, karibu na rafu ya viatu. Nanyi, tafadhali, sahihisheni maelezo ya ile picha.

Msomaji wenu,
Mombasa