Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa Tume ya Ushindani: wanunuzi nao hupanga bei

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

YAH: WANUNUZI WA MAZAO WANAOKUBALIANA BEI KABLA MKULIMA HAJAFIKA KITUONI

Ninakuandikia kutoka Mpunguzi, kusini mwa Jiji la Dodoma, ambako ninalima zabibu na kupata mavuno mawili kwa mwaka kama wakulima wenzangu wengi wa ukanda huu. Nimeichagua barua ya wazi kwa sababu ninalolisema si langu peke yangu, na kwa sababu wengi wanaoguswa nalo hawajui kwamba kuna sheria inayowahusu wala kwamba kuna Tume iliyoundwa kuisimamia. Ombi langu ni moja: Tume iwachunguze wanunuzi wa mazao wanaopatana bei kwa uzito uleule inaowachunguzia wauzaji wanaopatana bei, na ifanye hivyo huku mashambani, msimu wa mavuno ukiwa unaendelea.

Naomba nieleze asubuhi moja tu. Ilikuwa Machi, na tulianza kuchuma saa kumi na moja alfajiri ili jua lisitukute shambani. Nilijaza kreti arobaini na mbili, nikazipakia kwenye kirikuu ya kukodi na kufika kituoni kabla ya saa tatu. Wanunuzi walikuwa watatu, kila mmoja na mzani wake chini ya mti wake, na siku mbili kabla bei zao zilikuwa zimetofautiana, mmoja akitoa zaidi na mwingine akitoa pungufu lakini akilipa taslimu. Asubuhi hiyo wa kwanza alinitajia bei iliyoshuka kwa shilingi mia tatu kwa kilo, na wa pili akanitajia hiyohiyo, bila kupungua wala kuzidi hata shilingi kumi. Nilipofika kwa wa tatu, kabla sijafungua mdomo, kijana wa mzani aliniambia, "Mzee, si umeshaambiwa kule?" Hakuwa na nia mbaya yule kijana, alinihurumia nisipoteze muda. Lakini alijuaje nilichoambiwa kule?

Zabibu iliyokwisha kuchumwa haimsubiri mtu. Mahindi unaweza kuyarudisha ghalani, mtama unaweza kuuhifadhi hadi mwakani, lakini zabibu ikipigwa na joto la Dodoma mchana mmoja inaanza kupasuka, maji matamu yanachuruzika kwenye matundu ya kreti, na nyuki wanafika kabla ya mnunuzi mwingine. Ilipofika saa nane nyuki walikuwa wameshafika, nikauza kwa bei niliyoambiwa. Jioni hiyo niliandika bei ya kila mnunuzi kwenye daftari, na tangu siku hiyo sijaacha kuandika.

Ninajua, Ndugu Mkurugenzi Mkuu, kwamba bei kufanana si ushahidi wa njama. Zabibu zikiwa nyingi kwa wakati mmoja bei hushuka kwa kila mnunuzi, na kiwanda kikiona nafuu kuagiza mchuzi wa zabibu, yaani maji ya zabibu yaliyokamuliwa ya kutengenezea mvinyo, kutoka nje hakimwiti mwenzake ili kupunguza bei ya shambani, kwa maana soko lenyewe limeshaipunguza. Mkulima anayelia njama kila bei inaposhuka anaidhoofisha hoja ya mkulima aliyeonewa kweli. Lakini tofauti ya mambo haya mawili inaweza kuchunguzwa. Wingi wa mazao hushusha bei polepole, na kila mnunuzi huishusha kwa kadiri ya mahitaji yake. Bei inayoanguka usiku mmoja kwa kiwango kilekile kwa watu watatu wenye viwanda tofauti, gharama tofauti na namna tofauti za kulipa, inastahili kuulizwa imeangushwa na nini. Mimi sina mamlaka ya kuuliza. Ninyi mnayo.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza washindani kukubaliana bei, kugawana kiasi cha bidhaa kitakachoingia sokoni, kumsusia mtu kwa pamoja na kula njama kwenye zabuni. Makubaliano hayo hayahitaji kuandikwa wala kugongwa muhuri, kwani hata maelewano ya mdomo yanatosha, na kwa makosa ya namna hii mhusika hawezi kujitetea kwa kusema kwamba sehemu yake ya soko ni ndogo. Adhabu yake inaweza kufika asilimia 10 ya mauzo ya mwaka ya kampuni. Sioni sababu yoyote ya kulisoma neno "washindani" kana kwamba linawahusu wauzaji peke yao. Watu watatu wanaotafuta zabibu zilezile kwenye kituo kilekile ni washindani, na wanapoacha kushindana anayeumia ni yule aliyesimama na kreti zake mbele yao. Hata hivyo, katika matangazo na semina za sheria hii ambazo nimewahi kuzisikia, anayezungumziwa daima ni mlaji anayeuziwa bei ya juu. Mzalishaji anayelipwa bei ya chini hatajwi, ingawa katika mikoa ya Dodoma na Singida, ambako watu wengi wanaishi kwa alizeti, mtama, karanga, ufuta na mifugo, huyo ndiye anayeumizwa kila msimu.

Historia yetu inaeleza sehemu ya jambo hili. Sisi wenye umri tunakumbuka miaka ya bei zilizopangwa na Serikali chini ya sheria ya mwaka 1973, na tunaikumbuka vita dhidi ya walanguzi ya mwaka 1983, enzi za Waziri Mkuu Edward Sokoine, ambapo adui alikuwa mtu mwenye magunia ya sukari chini ya kitanda. Soko lilipofunguliwa tukapata sheria ya mwenendo wa biashara ya mwaka 1994, na baadaye hii ya 2003. Sheria zilibadilika, lakini picha ya mkosaji ikabaki ileile ya mtu anayeficha bidhaa na kuiuza ghali. Mtu anayenunua kwa bei ya kupatana na wenzake hatukuwahi kumpa hata jina. Mlanguzi tunamjua. Huyu tunamwita mteja, na tunamshukuru kwa kuja.

Wengine walishapita njia hii. Marekani ilitunga sheria yake dhidi ya njama za kibiashara mwaka 1890, na mwaka 1905 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua shauri la kampuni kubwa za nyama, ikiwamo Swift, zilizoshtakiwa kwa kukubaliana kutopandishiana bei kwenye minada ya ng'ombe. Wanunuzi wao walisimama mnadani kama wapinzani huku wameshapatana. Mahakama ilikubali kwamba hiyo ni njama kamili, ingawa waliopunjwa hawakuwa walaji bali wenye mifugo. Kila ninapopita mnada wa Msalato siku ya Jumamosi huikumbuka hukumu hiyo. Mfugaji aliyemswaga ng'ombe wake kutoka Chamwino kwa siku mbili hawezi kumrudisha nyumbani kwa sababu bei imemchukiza. Maji na malisho ya njiani yana gharama, na mnyama anakonda kwa kila kilomita. Hali yake haina tofauti kubwa na ya zabibu zangu.

Karibu zaidi nasi, Afrika Kusini ilijenga upya sheria yake ya ushindani mwaka 1998, na moja ya kesi zilizoipa heshima mbele ya wananchi ilikuwa ya mkate. Mwishoni mwa mwaka 2006 wauzaji wadogo wa mkate wa jimbo la Western Cape walilalamika kwamba kampuni kubwa za kuoka zilikuwa zimepandisha bei na kuwapunguzia faida kwa wakati mmoja. Tume ya huko haikuwaambia walete nyaraka kwanza. Ilianza kuchunguza, na kampuni moja, Premier Foods, ikakiri na kutoa maelezo ili isamehewe faini. Tiger Brands ililipa zaidi ya randi milioni 98 mwaka 2007, na Pioneer Foods ikatozwa takribani randi milioni 195 mwaka 2010. Kesi hiyo ilianzia kwa watu wanaobeba mkate kupeleka madukani, na sidhani hata mmoja wao alikuwa amesoma kifungu chochote cha sheria. Walijua bei zao za kila siku kama mimi ninavyozijua zangu, na mtu mwenye mamlaka aliwasikiliza.

Naelewa kwamba Tume yenu ina kazi nyingi na watumishi wasiolingana na ukubwa wa nchi. Wananchi wengi wanaijua kwa kukamata na kuteketeza bidhaa bandia, kazi ambayo ni ya lazima na inaonekana kwenye televisheni. Wanaofuatilia habari za makampuni wanaijua kwa mashauri ya kuungana kwa kampuni, kama lile la hisa za Tanga Cement, ambapo mwaka 2022 Baraza la Ushindani, linalosikiliza rufaa dhidi ya maamuzi ya Tume, lilitengua idhini iliyokuwa imetolewa na Tume. Mashauri hayo yana mawakili pande zote mbili, yana majalada na yana tarehe. Njama ya wanunuzi wa mazao haina jalada mpaka mtu alifungue, na hudumu wiki tatu tu, kisha msimu unaisha na magari yanaondoka. Katika uchumi kama wetu, ambamo mashamba ni mengi na wanunuzi wachache, chombo cha ushindani kinachosubiri malalamiko ofisini kitaletewa malalamiko ya wale wanaoweza kuajiri mtu wa kuyaandika.

Kuna watakaosema kwamba stakabadhi ghalani, yaani mkulima kuweka mazao ghalani na kupewa risiti hadi yauzwe, na minada ya Soko la Bidhaa vimeshalitibu tatizo hili. Kwa ufuta, dengu na mbaazi vimesaidia, nami nakubali kwamba bei inayosomwa mbele ya wakulima ni bora kuliko bei inayonong'onwa chini ya mti. Lakini mnada nao ni zabuni, na zabuni inaweza kupangwa. Wanunuzi wanne wakikubaliana leo ashinde fulani na kesho fulani, sanduku litafunguliwa kwa uwazi kabisa na bei itasomwa kwa sauti kubwa, na bado itakuwa bei yao. Tena zabibu haiwezi kukaa ghalani. Na tukumbuke korosho: mwaka 2018 wakulima wa kusini waligoma kuuza kwa bei za wanunuzi, Serikali ikaamua kununua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likatumwa kubeba mzigo. Sisemi kwamba wanunuzi wale walipatana. Ninasema kwamba swali hilo lilipaswa kuwa la chombo chenye utaalamu wa kulijibu kabla mambo hayajafika kwenye malori ya jeshi.

Kwa hiyo ninaomba maofisa wa Tume wawepo Dodoma na Singida wakati wa mavuno, hata kama ni wawili, nao wakae vituoni na minadani badala ya ukumbi wa mikutano. Malalamiko yapokewe kwa mdomo na kwa Kiswahili, ofisa ayaandike mwenyewe na mlalamikaji asomewe kabla ya kutia sahihi au dole gumba. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria zetu, basi na maamuzi ya Tume yatolewe kwa muhtasari wa Kiswahili unaoweza kubandikwa kwenye ofisi ya kijiji. La uzito kuliko yote ni kumlinda anayesema. Mkulima akimtaja mnunuzi leo, msimu ujao zabibu zake zitaambiwa hazina sukari ya kutosha, na kipimo cha sukari kiko mkononi mwa mnunuzi huyohuyo. Niliwaomba wenzangu wanne tusaini barua hii pamoja. Wote waliisoma, wote wakasema ni kweli, na wote wakaomba majina yao yasiwekwe. Siwalaumu hata kidogo, na ndiyo maana hata mimi nimeona busara kuliacha jina langu nje ya barua hii, ingawa ofisini kwako nitalitoa mara nitakapohakikishiwa usiri.

Jambo jingine linahitaji kauli yako. Wakulima wanapoungana katika ushirika wao ili wauze kwa sauti moja, baadhi ya wanunuzi wameanza kuwatisha kwamba huko ndiko kupanga bei kunakokatazwa. Tishio hilo limewafanya viongozi wa vyama vidogo kusita. Tafadhali tamka hadharani sheria inasemaje kuhusu ushirika wa wakulima, na wapi penye mipaka, ili anayejipanga kihalali asiogopeshwe na anayevunja sheria.

Mavuno ya pili yanaanza Agosti. Ofisa wako akifika nitamwonyesha kituo, nitamwonyesha miti mitatu na nitampa daftari langu alinakili. Kila ukurasa una tarehe, bei ya kila mnunuzi na saa niliyotajiwa, na zipo kurasa ambazo kalamu imeandika namba moja mara tatu.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mkulima wa zabibu,
Mpunguzi, Dodoma.