Barua ya wazi kwa Waziri wa Nishati: gari ya stima ninayo, pa kuichaji ndio shida

Mheshimiwa Waziri, asante kwa kazi.

Mimi ni dereva wa gari ya kukodi hapa Kampala, mwaka wa pili sasa niko na Nissan Leaf ya mtumba, na kila siku watu wananiuliza eti hiyo gari inawezekana kweli Uganda hii? Inawezekana, tena sana, ila nisikilize kidogo.

Betri yangu imezeeka, ikijaa inanipeleka kama kilomita 80 na inakula yaka, yaani stima ya kulipia kabla, ya kama shilingi elfu 15. Nilipokuwa na Premio umbali huo huo petroli ilikuwa inamaliza kama elfu 40, bado oili. Halafu ile mwezi wa kwanza 2022 malori ya mafuta yalipokwama Malaba na Busia mpakani na Kenya, petroli ikafika elfu 10 lita, nililaza gari siku 4 nyumbani hakuna kitu. Stima yetu inatoka hapa hapa mto Nile, haisubiri mpaka wa mtu.

Sasa shida. Naishi nyumba ya kupanga Bweyogerere, vyumba 6 tunatumia mita moja ya stima, usiku napitisha waya dirishani mpaka kwenye gari, masaa 8 hivi, na mama wa chumba cha pili asubuhi anaangalia mita kwanza ndio anisalimie. Simlaumu, hata mimi ningeangalia. Juzi stima ikapotea saa tano usiku ikarudi alfajiri, naamka betri iko asilimia 38 na nina abiria wa ndege Entebbe. Ilibidi nimwambie atafute gari nyingine. Alikuwa mteja wangu wa kila mwezi, hajanipigia tena.

Mabwawa yetu ya stima, Karuma ni megawati 600, Bujagali 250, Isimba 183, kwa hiyo stima ipo, inayokosekana ni ya kunifikia mimi usiku. Vijana wa boda za stima wanabadilisha betri dakika chache wanaondoka, lakini ya gari inakaribia kilo 300, nani ataibeba?

Tunaomba chaja kwenye stegi zetu na kwenye vituo vya petroli, na mpangaji mwenye gari apate mita yake bila kuzungushwa. Safari za Gulu bado, zile kilomita 300 na zaidi simdanganyi mtu leo. Lakini sisi wa mjini tuko tayari mheshimiwa. Ukitaka kuona njoo Bweyogerere usiku baada ya saa nne, waya unatoka dirisha la tatu.

Dereva wako, Bweyogerere