Barua ya wazi kwa vijana wa kamati ya maktaba

Wanangu,

Shikamoo zenu nimezipokea. Juzi niliketi nyuma nikawasikiliza mkitoa ahadi: huyu laki tano, yule milioni, makofi, picha. Leo nimeoneshwa daftari la mweka hazina. Safu ya ahadi imejaa. Safu ya fedha taslimu ina mstari mmoja tu, nao ni wa mama muuza maandazi. Mmeniudhi.

Someni habari za István Széchenyi, bwana mkubwa wa Hungaria aliyezaliwa Vienna mwaka 1791. Novemba 1825, bunge lilipoketi Pozsony (leo Bratislava, Slovakia), mjumbe mmoja aliwasema wakubwa kwamba lugha yao inadidimia nao wamefumba mifuko. Széchenyi, wakati huo ofisa wa wapanda farasi, akajitolea mapato ya mwaka mzima ya mashamba yake, forinti 60,000, ili ianzishwe taasisi ya elimu kwa Kihungaria. Watu watatu wakaongeza papo hapo. Taasisi hiyo, Akademia ya Sayansi ya Hungaria, ipo mpaka leo. Na huyo bwana shajara yake aliiandika kwa Kijerumani!

Mwaka 1828 aliomba benki ya Vienna forinti 10,000, akanyimwa. Ardhi anayo tele, lakini sheria ilikataza ardhi ya ukoo kuuzwa kulipia deni. Nani atamkopesha mtu asiyedaika? Hilo ndilo lililomfanya aandike kitabu chake *Hitel*, yaani "Mkopo", mwaka 1830, na wakubwa wenzake walikichukia kwelikweli. Ahadi zenu nazo hazidaiki, wanangu.

Kazi zake nyingine, meli za mvuke za mto Danube, mbio za farasi, kuchimba na kunyoosha mto Tisza: hayo mtayasoma wenyewe.

Ila daraja siliachi. Lile la minyororo kati ya Buda na Pest, miji ambayo leo ni Budapest, alilolipigania miaka mingi, lilikuwa na tozo, na kwa mara ya kwanza bwana alitakiwa alipe sawa na mkulima. Kwetu mheshimiwa anapita bure, mama mwenye ndoo ya dagaa ndiye anayekatiwa ushuru, nasi tunaita hiyo heshima! Daraja lilifunguliwa Novemba 1849. Széchenyi alikuwa Döbling, karibu na Vienna, katika hospitali ya wagonjwa wa akili, na hakutoka humo mpaka alipofariki mwaka 1860.

Jumamosi nitakuja na laki mbili zangu. Mwenyekiti, njoo na ile milioni, na risiti iandikwe hapohapo, watu wakiona.

Babu yenu