Mwanangu, niandikie hiyo hiyo baridi, chakula na kazi

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi sana. Huku wote wazima, mi pia mzima, nimekaa nikujibu meseji yako ile ndefu maana kuna mahali pamenikaa moyoni, pale uliposema mama sina jipya la kukwambia, ni baridi tu, nakula, naenda kazini, nalala. Baba, hilo ndo jipya lenyewe! Mi nikikuuliza habari sitafuti makubwa, nataka kujua umekula nini, umevaa nini ulipotoka, umelala saa ngapi, bosi kaamkaje leo. Humo ndo najua kama uko sawa au unajikaza tu. Kwa hiyo usione haya kuniandikia hali ya hewa kila wiki, hata digrii niandikie, nasoma zote.

Na hizo mainasi 10 zako na upepo juu nimezielewa vizuri tu, unajua nilifanya kazi nchi ya baridi kabla hujazaliwa. Upepo ndo unawadanganya wengi. Unaangalia simu inasema mainasi 5 unajisemea aah hii naiweza, unatoka, kumbe upepo unaipeperusha ile hewa ya uvuguvugu inayoizunguka ngozi yako na mwili unapoteza joto haraka kuliko ile namba inavyosema. Ndo maana taarifa ya hali ya hewa inatoa namba mbili, joto lenyewe na vile mtu anavyolisikia mwilini, wewe fuata hiyo ya pili. Ikishuka hadi kama mainasi 28 hivi, ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya nusu saa, sasa wewe unayesubiri basi kituoni alfajiri funika masikio na pua, usiangalie wenzako wamevaaje.

Kwenye kuvaa sikubaliani na lile koti moja zito unaloliamini. Vaa nguo kadhaa nyepesi nyepesi, moja juu ya nyingine. Ya ndani kabisa isiwe ya pamba, pamba ikishika jasho haikauki upesi na ikilowa inakunyonya joto lote, tafuta ya sufu au hizi za nailoni za mazoezi, juu yake sweta, juu kabisa ndo jaketi la kuzuia upepo. Halafu ukiwa unatembea haraka ukaanza kusikia joto fungua zipu kabla hujatoka jasho, jasho likishatoka ukisimama tu kituoni linageuka baridi mgongoni na utatetemeka mpaka unafika kazini. Soksi usivae mbili mbili buti likabana, damu haipiti vizuri na miguu inazidi kuganda. Na glavu zile ambazo vidole vyote vinakaa pamoja zinatunza joto kuliko zenye kila kidole chumba chake.

Vidole vikifa ganzi na kupauka usivisugue na usivipeleke kwenye hita au moto maana havisikii, utaviunguza bila kujua. Ingia ndani, viweke kwenye maji ya uvuguvugu tu, digrii 37 mpaka 39, na hisia zisiporudi nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Ila nimeona kinachokuchosha zaidi ni giza kuliko hiyo baridi, umesema unaingia kazini giza na kutoka giza. Hilo naomba ulichukulie uzito. Dunia imeinama kama nyuzi 23 na nusu, sasa upande wenu wa kaskazini Desemba unakuwa umelipa jua kisogo na siku fupi kuliko zote ni tarehe 21 au 22, baada ya hapo mwanga unaongezeka kidogo kidogo. Lakini baridi yenyewe haiondoki hapo, mara nyingi Januari na Februari ndo inakaza, kwa sababu ardhi na bahari zinaendelea kupoteza joto kuliko zinalopata. Nakwambia mapema ili ukiona Januari imekuwa mbaya zaidi usikate tamaa ukafikiri winta haiishi, giza linapungua hata kama theluji bado imejaa mlangoni.

Kwa hiyo ile brek ya mchana usiimalizie kwenye kiti unaperuzi simu. Toka nje, zunguka jengo hata robo saa, hata kukiwa na mawingu, mwanga wa nje siku ya mawingu bado unazizidi taa za ofisini mara nyingi sana, na macho yakipata mwanga wa mchana usingizi wa usiku unakaa kwenye mstari. Watu wa tiba wanaijua hii hali, mwaka 1984 daktari Norman Rosenthal na wenzake kule Marekani waliandika kuhusu wagonjwa ambao huzuni inawarudia kila winta na wakatibiwa kwa taa za mwanga mkali. Siyo uvivu na siyo kukosa imani. Ukiona wiki mbili zimepita huna hamu na kitu, unalala sana na bado umechoka, unataka wanga na sukari tu, nenda kamuone daktari umweleze hivyo hivyo ulivyoniambia mimi. Muulize na habari ya vitamini D hapo hapo, manake jua la winta huko mbali na ikweta linakaa chini mno ngozi haiwezi kuitengeneza ya kutosha, na ngozi nyeusi inahitaji jua muda mrefu zaidi. Samaki wa mafuta mafuta na viini vya mayai vinasaidia lakini peke yake mara nyingi havitoshi.

Sasa tuje kwenye chakula, hapa nina maneno mengi.

Biskuti na kahawa mchana halafu usiku saa nne unakula sahani mbili na kulala, hapana baba. Mwili uliopigwa baridi tangu alfajiri unataka kitu cha moto mchana, tena chenye nguvu ya kukaa tumboni. Najua utasema muda wa kupika hakuna, nakubali, ukitoka shifti umechoka huwezi kuanza kumenya vitunguu. Ndo nikasema pika mara moja siku ya off, sufuria moja kubwa, wiki iende. Maharage yanafaa sana na ni rahisi. Yaloweke usiku kucha, asubuhi mwaga yale maji, weka mengine, yakianza kuchemka utaona povu linapanda juu jeupe lenye rangi ya uchafu uchafu, liengue na kijiko, acha yachemke kwa nguvu sio chini ya dakika 10 ndo upunguze moto yaive taratibu. Hizo dakika 10 usizikwepe, maharage mekundu yasipochemka vizuri yana sumu inayotapisha vibaya, na yale masufuria ya umeme ya kupika polepole peke yake hayafiki joto la kuiua, kwa hiyo chemsha kwanza kwenye jiko ndo uhamishie huko ukitaka. Vitunguu vyako kaanga pembeni kwa moto mdogo, usiwe na haraka, mpaka viwe laini vina rangi ya kahawia pembeni na jikoni kunanukia, hapo ndo utie nyanya na karoti, nyanya ziive kabisa mafuta yapande juu, ndo umwagie kwenye maharage. Chumvi mwishoni. Siku nyingine fanya hivyo hivyo na dengu, hizo hata kuloweka hazihitaji, au supu ya viazi na mboga yoyote iliyobaki.

Kikishaiva usiache sufuria nzima ipoe jikoni mpaka asubuhi. Gawa kwenye makontena madogo, yale mafupi mapana, kinapoa haraka, ndani ya saa mbili kiwe kwenye friji, friji iwe digrii 4 au chini. Cha siku tatu nne za mwanzo kaa nacho kwenye friji, kinachobaki kigandishe. Wali ndo uuangalie zaidi, una vijidudu ambavyo mbegu zake zinavumilia kuchemshwa, ukiuacha nje masaa mengi vinazaliana na kutoa sumu, na sumu hiyo hata ukipasha haiondoki. Na nimekuona kwenye picha umeweka sufuria balkoni eti ni friji ya bure, acha hiyo, mchana jua likipiga sufuria inapata joto usiku inaganda tena, huwezi kujua ndani kumekuwaje.

Asubuhi kabla ya kutoka pasha chakula mpaka kitoe moshi kabisa, mimina maji yaliyochemka kwenye ile chupa ya chakula, funika dakika kadhaa, mwaga, ndo utie chakula. Ukitia chakula kwenye chupa ya baridi chupa inakula joto lote na mchana unakuta kimepoa, ukiipasha kwanza unafungua mchana bado mvuke unapanda. Mi hiki kitu kidogo nakithamini kuliko hata jaketi.

Maji kunywa hata kama huna kiu. Kwenye baridi kiu inapungua lakini maji yanaendelea kutoka mwilini, unakojoa zaidi, na hewa ya ndani ikishapashwa na hita inakuwa kavu sana, ndo hizo damu za puani na midomo kupasuka ulizoniambia. Paka mafuta ya mgando usiku, puani kidogo na mdomoni.

Kazini sasa. Umesema wenzako kila siku wanaongelea hali ya hewa tu na huoni cha kuongea nao. Ongea hiyo hiyo hali ya hewa mwanangu! Watu wasiojuana wanaanzia wapi kama si hapo, mtu akikwambia leo ni kali jibu, muulize gari lake limewaka asubuhi, muulize kaja na chakula gani, usiwe ule wa kuitikia ndiyo na kurudi kwenye kompyuta. Mi kazini kwetu kule nilipata marafiki kwa maneno hayo tu ya mlangoni watu wakipangusa buti, na siku nilipougua ndo hao hao walionishikia shifti na kuniletea supu. Mtu mgeni kwenye winta anahitaji watu, bosi mzuri peke yake hatoshi. Na huyo anayekaa meza ya jirani ambaye anakula peke yake kila siku, mkaribie wewe kwanza, beba kijiko cha ziada.

Shifti za usiku mbili mfululizo naelewa zinalipa, ila usizipokee wiki ambayo tayari umelala vibaya. Asubuhi zile ukitoka umechoka ndo njia inateleza zaidi, ile barafu nyembamba isiyoonekana, unaona lami tu imeng'aa kama imelowa. Tembea hatua fupi, unyayo mzima chini, mikono nje ya mifuko. Wakimwaga chumvi usiiamini sana, chumvi inayeyusha barafu kwa kushusha kiwango cha maji kuganda lakini baridi ikipita mainasi 10 hivi nguvu yake inakuwa ndogo mno. Simu iweke mfuko wa ndani karibu na mwili, betri kwenye baridi inakata ghafla, na ikiwa imeganda usiichaji mpaka irudi kwenye joto la kawaida.

La mwisho ndo linalonikosesha usingizi, hiyo hita ya chumbani iliyokufa. Usije ukathubutu, nakusihi, kuwasha mkaa ndani au kuacha oveni ya gesi wazi upate joto. Ile hewa ya kaboni monoksidi haina harufu wala rangi, mtu anaanza kuumwa kichwa na kusikia usingizi anafikiri ni uchovu wa kazi, analala na haamki. Nunua kile kikengele cha kuigundua, ni kidogo tu kinakaa ukutani, kiwe karibu na unapolala. Mwenye nyumba usimpigie simu tena, mwandikie, taja tarehe hita ilipoharibika, piga picha ya kipimajoto humo chumbani uambatanishe, ukiandika kunabaki ushahidi na hawezi kusema hakujua. Asipojibu ndani ya siku mbili nenda ofisi inayoshughulikia wapangaji hapo mjini kwako na hayo maandishi mkononi, na wakati unasubiri lala kwa rafiki yako yule mliyesoma wote, nimeshaongea na mama yake, wamesema kitanda kipo.

Basi nijibu leo leo mwenye nyumba amesemaje, umepika nini, na unipigie picha buti zako kwa chini nione soli, kama zimelika nitakutumia hela ununue nyingine kabla ya wiki ijayo.

Nakupenda sana,
Mama yako