Chura wa dhahabu asisuguliwe

Mhariri,

Tafadhali msiviite "mapambo" tu vidani vya wanyama vya Costa Rica, Panama na Kolombia vya kabla ya Columbus kufika Amerika. Wala si dhahabu tupu. Vingi ni tumbaga, yaani mchanganyiko wa dhahabu na shaba. Fundi alifinyanga chura kwa nta, akamfunika kwa udongo na makaa, akayeyusha nta itoke, akamimina madini. Kisha alikipasha kidani moto, shaba ya juu ikaungua, akaiondoa kwa maji makali ya mimea. Ikabaki ngozi nyembamba ya dhahabu. Ukikisugua kwa nguvu, wekundu wa shaba hutokeza na haurudi ndani.

Chura mwenye miguu ya nyuma bapa kama vibao huhusishwa na mvua na rutuba, kwa kuwa hulia mvua inapokaribia. Mtu-popo wa Tairona, watu wa kale wa kaskazini mwa Kolombia, huhusishwa na mganga anayegeuka mnyama.