Barua kwa mwanangu anayekwenda Beni

Mwanangu,

Habari kwamba zamu yenu ya kwenda kulinda amani Beni, huko Kongo, imefika nimezipata kwa dada yako. Ungeniambia mwenyewe. Simu unayo, na baba yako ni mimi.

Tangu Goma ilipotekwa Januari 2025, mama yako hapitwi na taarifa ya habari. Vijana wetu waliouawa huko huko, Semuliki, Desemba 2017 bado anawaombea kwenye rozari kama aliowazaa. Yeye anaogopa risasi. Mimi pia, ila kuna jingine linaloninyima usingizi: usichukue kitu cha mtu. Hata kuku. Hata mkungu wa ndizi, ukipewa na mtu anayetetemeka.

Ya 1978 ulifundishwa shuleni: Amin alivyovuka akatangaza Kagera ni yake, na Mwalimu alivyosema nia, sababu na uwezo tunavyo. Ni kweli tupu. Ng'ombe wa babu yako walivushwa Mutukula tukiona, na daraja la Kyaka likalipuliwa. Basi tulipoingia Masaka, Uganda, Februari 1979 tuliingia na hasira, na mji ule tukaubomoa wakati askari wa Amin walishakimbia. Hilo sidhani kama mwalimu wako alilitaja.

Ile redio ya kabatini hujawahi kuniuliza niliitoa wapi. Kulikuwa na mama mmoja mlangoni, mikono imejaa unga wa muhogo. Nilipoibeba hakusema neno. Alirudi ndani akaniletea na betri zake za akiba. Nilikuwa na miaka 20.

Wewe umesoma kunishinda, na sare imekukaa, kijiji kizima kinasema. Lakini mkono wako ulikuwa mwepesi tangu utotoni, ile baiskeli sijaisahau. Usichukue kitu cha mtu, baba. Mwenzako akikwambia chukua, kila mtu anachukua, mwambie mzee wangu kakataza.

Migomba ya upande wa mtoni imeingiwa na mnyauko, tumeing'oa na kuifukia. Hela uliyotuma nimelipia ada ya mdogo wako, mabati yatasubiri msimu wa kahawa. Kwenye kifurushi hiki mama yako ameweka kahawa ya kutafuna, usiigawe yote siku ya kwanza. Ukifika nipigie mimi, usimpigie dada yako.

Baba yako