Barua ya Wazi kwa Makocha Vijana Wanaotamani Kufundisha Nje

Wanangu makocha,

Nawasikia mkimtaja sana Bora Milutinović, na mna haki. Mserbia huyu, mzaliwa wa Bajina Bašta mwaka 1944, aliongoza nchi tano katika fainali tano mfululizo za Kombe la Dunia: Mexico 1986, Costa Rica 1990, Marekani 1994, Nigeria 1998 na China 2002. Nne za mwanzo zote alizivusha hatua ya makundi. Lakini safari yake mnaihesabu kuanzia 1986, na hapo ndipo ninapotaka tuzungumze.

Alicheza Partizan ya Belgrade, akaenda Ufaransa, kisha mwaka 1972 akajiunga na Pumas, klabu ya chuo kikuu jijini Mexico. Akatundika daluga hapo hapo, na hapo hapo akaanza ukocha. Vijana wa klabu aliwajua mmoja mmoja, mshambuliaji Hugo Sánchez akiwemo. Msimu wa 1980/81 wakatwaa ubingwa. Alipokabidhiwa timu ya taifa mwaka 1983 hakuwa mgeni tena; Mexico ikafika robo fainali, ikatolewa na Ujerumani Magharibi kwa penalti. Huyo mnayemwita msafiri alitulia klabu moja zaidi ya miaka kumi!

Costa Rica aliichukua fainali zikiwa zimekaribia kabisa, ikazifunga Scotland na Sweden. Haraka ile isiwadanganye. Wachezaji wale walizungumza Kihispania, lugha aliyokuwa ameishi nayo tangu 1972. Hakuhitaji mtu wa kumtafsiria walipokuwa na hofu.

China aliifikisha fainali kwa mara ya kwanza katika historia yake, kisha ikapoteza mechi zote tatu bila kufunga bao. Wapo wanaombeza kwa hilo, na inaniuma, kwa sababu kufuzu kwenyewe ilikuwa kazi kubwa.

Basi nawaomba. Aliye msimu wa pili tu na timu yake ya daraja la kwanza, hata akipigiwa simu na wakala, awakamilishe kwanza vijana alionao. Na anayeitamani Lubumbashi au Khartoum aanze Kifaransa au Kiarabu mwezi huu, kabla mkataba haujaja.

Mzee wenu